Beba Hoja ya Mpinzani Wako: Ushauri kwa Wanaosoma Falsafa, Dini na Maadili

Msimu wa baridi unapoingia hapa Uingereza, wanafunzi wa mwaka wa 11 hukabidhiwa fomu ya kuchagua masomo matatu watakayosoma katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari, ile ambayo sisi tuliotoka Afrika Mashariki bado tunaiita kidato cha tano na cha sita. Hapo ndipo mazungumzo hupamba moto katika nyumba nyingi za Waswahili, iwe Leicester, Reading au mashariki ya London. Mtoto amejaza Kemia, amejaza Baiolojia, na nafasi ya tatu ameandika somo la dini, ambalo shule nyingi hulitangaza kwa jina la falsafa, dini na maadili. Baba anauliza: dini si ameisoma madrasa tangu akiwa mdogo? Mama, ambaye amerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, ana swali lake: litampa kazi gani? Na kama kuna bibi nyumbani, atauliza lililo zito kuliko yote: hawatampotosha?

Maswali yote matatu ni ya haki na nitayafikia. Kwanza niseme na kijana mwenyewe. Somo hili halikupimi kwa unachoamini, wala kwa wingi wa unayoyakumbuka. Linakupima kama unaweza kuieleza hoja ya mtu usiyekubaliana naye kwa uaminifu, hata yeye mwenyewe akikusoma aseme, "Naam, hicho ndicho ninachokisema," kisha ukaonyesha wapi inasimama na wapi inayumba. Vijana wetu wengi wenye akili na bidii hukosa alama za juu kwa sababu hiyo moja. Wanaijua hoja ya upande wao vizuri sana, na ya upande wa pili wanaijua kwa sentensi mbili.

Tazama alama zenyewe zinavyogawanywa. Katika mtihani wa bodi ya OCR kuna karatasi tatu: falsafa ya dini, dini na maadili, na fikra za dini moja utakayoisoma kwa kina. Kila karatasi ni ya saa mbili. Unapewa maswali manne, unajibu matatu, na kila insha ina alama 40. Katika hizo 40, alama 16 ni za kujua na kueleza, na 24 ni za kupima hoja na kufikia uamuzi. Bodi ya AQA ina karatasi mbili za saa tatu, na maswali yake mengi yamekatwa vipande viwili, alama 10 za kueleza na 15 za kupima. Uwiano ni ule ule, 40 kwa 60. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyehifadhi Thomas Aquinas mwanzo hadi mwisho, asimwache hata nukta, kisha asimhoji, amejinyima zaidi ya nusu ya alama kabla hajaweka kalamu chini.

Nalisema hili kwa heshima kubwa kwa malezi yetu. Mtoto aliyekaa chuoni akahifadhi juzuu, au aliyekariri katekisimu kwa ajili ya kipaimara, ana kumbukumbu na nidhamu ambayo wenzake darasani wataitamani. Zile alama 16 ziko karibu naye. Kazi iliyobaki ni kujifunza adabu nyingine, ya kukaa na hoja ya mtu mwingine bila kuikimbia. Na adabu hiyo haikuletwa na walimu wa Kiingereza. Imo ndani ya dini zetu kwa karne nyingi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikusudia kuwapinga wanafalsafa, na hasa mafundisho ya Ibn Sina. Kabla ya kuandika kitabu chake maarufu cha kuwapinga, Tahafut al-Falasifa, aliandika kingine, Maqasid al-Falasifa, ambamo alieleza mafundisho yao kwa utaratibu na kwa usawa, kama wao wenyewe wangeyaeleza. Aliyaeleza vizuri kiasi kwamba kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini, wasomaji wa Ulaya wakamdhania Ghazali kuwa ni mmoja wa wanafalsafa hao. Baadaye Ibn Rushd alipotaka kumjibu Ghazali, naye hakumjibu kwa mbali. Alichukua maneno ya Ghazali kipande kwa kipande, akayaweka mbele ya msomaji, kisha akatoa majibu yake chini ya kila kipande.

Upande wa Wakristo ni vivyo hivyo. Thomas Aquinas, katika Summa Theologiae, huanza kila suala kwa hoja za wanaompinga. Anapofika kwenye swali la kuwepo kwa Mungu, kabla ya kutaja zile njia zake tano ambazo kila mwanafunzi huzikariri, anaweka mbele hoja mbili nzito za upande wa pili: kwamba uovu umo duniani, na kwamba maumbile pamoja na akili na utashi wa binadamu vinatosha kueleza kila kitu bila kumtaja Mungu. Mtakatifu huyu wa Kanisa amewapa wapinzani wake nafasi ya kusema kwanza. Anselm naye, mtawa aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alipoandika hoja yake kwamba Mungu ni yule ambaye hakuna mkubwa kuliko yeye anayeweza kufikiriwa, alijibiwa na mtawa mwenzake aitwaye Gaunilo kwa mfano wa kisiwa kisicho na kifani. Anselm hakuuficha ukosoaji ule. Aliagiza maneno ya Gaunilo, pamoja na majibu yake mwenyewe, yanakiliwe pamoja na kitabu.

Kwa hiyo kijana wa Kiislamu au wa Kikristo anayeogopa kwamba kuieleza hoja ya mkana Mungu kwa nguvu zake zote ni kuisaliti dini, namwomba awatazame hao. Walikuwa na imani iliyokomaa, na hawakuogopa.

Sasa tushuke kwenye karatasi yenyewe. Chukua swali la kawaida sana katika falsafa ya dini: je, hoja ya mpangilio wa ulimwengu imeangushwa na ukosoaji wa Hume? Insha nyingi ninazoletwa zina aya inayokwenda hivi: "Paley alisema saa ina fundi, kwa hiyo ulimwengu una Mungu. Hume alimjibu Paley kwamba ulimwengu haufanani na saa. Lakini mimi nadhani Paley yuko sahihi, kwa sababu ukiutazama ulimwengu ni mzuri na umepangika."

Kosa la kwanza hapo ni la historia, na mtahini huliona mara moja. David Hume alifariki mwaka 1776. Majadiliano yake kuhusu dini ya maumbile yalichapishwa 1779, baada ya kifo chake. Kitabu cha William Paley kilitoka 1802. Marehemu hawezi kukijibu kitabu kilichoandikwa miaka 26 baada ya kuzikwa kwake. Hume alikuwa akiijibu hoja ya aina ile, ambayo ilikuwepo zamani, na Paley alikuja baadaye akaisimamisha upya. Kosa la pili ni kwamba Hume amepewa sentensi moja dhaifu ambayo yeye asingeikubali. La tatu ni kwamba uamuzi umetoka hewani. Mwandishi ametoa ushuhuda wake, hakutoa sababu.

Linganisha na aya hii:

"Hoja ya Paley inasimama juu ya mfanano: saa ina sehemu zilizopangwa kwa lengo, na viumbe navyo vina sehemu zilizopangwa kwa lengo, basi navyo vina mbuni. Mfanano wa aina hii Hume alikwisha kuuhoji kabla Paley hajaandika. Tunajua saa ina fundi kwa sababu tumewaona mafundi wakiunda vitu, lakini hakuna aliyeuona ulimwengu ukiundwa, na ulimwengu tulionao ni mmoja tu. Paley ana la kusema hapa: hata mtu ambaye hajapata kuona saa ikiundwa angetambua kuwa ina mbuni, kwa jinsi sehemu zake zinavyotegemeana. Jibu hilo lina uzito, ila linaacha shida moja. Paley anaitambua saa kwa kuitofautisha na jiwe lililolala karibu nayo. Kama maumbile yote yamebuniwa, basi hata jiwe limebuniwa, na ile tofauti tuliyoitegemea imetoweka."

Isome tena taratibu. Hakuna maneno makubwa, wala wanafalsafa kumi waliotajwa kwa mstari. Kuna hoja, pingamizi, jibu la pingamizi, na uzito wa jibu ukipimwa. Kila sentensi inaishika mkono iliyotangulia. Aya inayofuata inaweza kumleta Darwin na kitabu chake cha 1859, ambaye anaeleza viumbe vilivyofaana na mazingira yao bila kuhitaji mbuni wa kila kiungo. Kisha inaweza kumleta Richard Swinburne, ambaye anahamisha mjadala kutoka kwenye viumbe kwenda kwenye kanuni za maumbile zenyewe: kwa nini ulimwengu unafuata kanuni kabisa? Hapo Darwin hana jibu, maana nadharia yake yenyewe inazitegemea kanuni hizo. Ukifika hapo, mwamuzi ni wewe. Unaweza kuamua kwamba Hume ameshinda, au kwamba hoja imejeruhiwa lakini inaishi kwa sura nyingine. Alama hazitolewi kwa upande ulioangukia. Zinatolewa kwa njia uliyopita kufika huko.

Ndiyo maana nawasihi vijana msijifanye mmepoteza imani ili kumfurahisha mtahini. Hatafutwi mkana Mungu. Insha inayomalizia kwa kuitetea imani, kwa sababu zilizopimwa, hupata alama za juu kabisa kama ile inayomalizia kinyume chake.

Ni wakati wa kurudi kwa bibi. Swali lake, kama somo litampotosha mtoto, halistahili kupuuzwa. Katika miezi ya mwanzo mwanafunzi atakutana na J. L. Mackie, aliyeandika mwaka 1955 kwamba mtu hawezi kushikilia kwa pamoja kuwa Mungu ni mweza wa yote, kuwa ni mwema kabisa, na kuwa uovu upo. Atamsoma Freud, anayedai kwamba dhamiri ni sauti ya wazazi na jamii iliyojengeka ndani yetu tangu utotoni. Atamsoma A. J. Ayer, ambaye mwaka 1936 alisema kauli kuhusu Mungu si kweli wala si uongo, hazina maana tu. Mambo haya yanatikisa. Lakini kijana wa miaka 17 atakutana nayo kwenye simu yake hata kama atasoma uhasibu, na huko atakutana nayo yakiwa yamechanganyika na matusi, bila mwalimu, bila Augustine, bila Ghazali. Mimi nachagua darasa.

Mzazi mwenzangu, hapa una kazi. Mtoto akija na swali la Mackie mezani, usimwambie "Astaghfirullah, nyamaza," wala "Hayo ni ya shetani." Akinyamaza kwako hataacha kufikiri, atafikiri peke yake chumbani. Kama hujui jibu, mwambie swali lake ni zito na kwamba wapo wanazuoni waliolishughulikia, kisha mtafutie mtu aliyesoma: shehe anayejua elimu ya kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, au padri au mchungaji aliyepita seminari na bado anasoma vitabu. Usimpeleke kwa mtu atakayemkemea. Nawe kijana, uwe na adabu. Usirudi nyumbani na Freud ukamwambia bibi yako kwamba sala yake ni woga wa utotoni. Umeisoma nadharia ile kwa wiki tatu. Yeye ameishi na Mungu wake kwa miaka 70. Muulize aliivukaje misiba yake, usikilize, kisha ulinganishe na ulichokisoma. Atakupa mambo ambayo kitabu cha kiada hakina.

Na usidhani uliyojifunza nyumbani yako mbali na silabasi. Njia ya tatu ya Aquinas, inayoanzia kwenye vitu vinavyoweza kuwepo na kutokuwepo, ina deni kubwa kwa Ibn Sina na mgawanyo wake wa kilicho lazima kiwepo na kinachowezekana kuwepo. Mtoto aliyefundishwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu katika madrasa ya pwani amekutana na kidamu na bakaa, yaani kutokuwa na mwanzo na kutokuwa na mwisho, kabla ya kukutana na Boethius na swali la kama Mungu yumo ndani ya wakati au nje yake. Familia zenye asili ya Oman zinaujua mjadala wa Maibadhi na Masunni kama Mwenyezi Mungu ataonekana Akhera. Huo ni mlango mzuri wa kuingilia mada ya lugha ya dini, yaani lipi katika maandiko tulichukue kama lilivyo na lipi kwa mfano. Mkristo aliyesomewa Ayubu ana nusu ya mada ya uovu mfukoni. Mkatoliki akisikia sheria ya maumbile atatambua kwamba amekuwa akiisikia kanisani bila jina.

Kuna pia John Mbiti, mwana wa Kitui nchini Kenya, aliyepata shahada yake ya uzamivu Cambridge. Kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na kile cha 1970 kuhusu namna jamii nyingi za bara letu zinavyomfahamu Mungu, vinaweza kutumika vizuri pale swali linapouliza kama binadamu anaweza kumjua Mungu bila ufunuo maalumu, mada ambamo silabasi humtaja John Calvin. Mlete Mbiti pale hoja inapomhitaji, si kwa sababu ni wetu. Na ukimleta, kumbuka kwamba Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia wasomi wa aina yake kwa kuivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo. Mtahini akikuta mjadala huo umeandikwa kwa ufasaha, atafurahi kusoma kitu ambacho hakukikuta kwenye karatasi nyingine zote za siku ile.

Upande wa maadili ndiko ninakotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiko nyumba zetu zilikotajirika. Silabasi inataka uijue sheria ya maumbile ya Aquinas, maadili ya hali ya Joseph Fletcher aliyoyaandika mwaka 1966, wajibu wa Kant, na nadharia ya manufaa ya Bentham na Mill. Kisha inakutaka uzitumie katika mambo halisi, na mojawapo ni kumsaidia mgonjwa kufa. Hapa Uingereza jambo hili linaendelea mbele ya macho yetu. Sheria ya 1961 iliacha kumhesabu anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, lakini ikamwekea anayemsaidia kifungo cha hadi miaka 14. Mwaka 1993 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliruhusu madaktari waache kumlisha kwa mrija Tony Bland, kijana aliyeumia katika maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989 na hakurudiwa na fahamu tena. Novemba 2024 wabunge walipiga kura 330 dhidi ya 275 kuuendeleza muswada wa kuwaruhusu wagonjwa wenye maradhi yasiyopona kusaidiwa kufa, na Juni 2025 wakaupitisha kwa 314 dhidi ya 291, ukaenda kwa Malordi.

Insha dhaifu husema: dini inakataza, wasio na dini wanaruhusu. Si kweli, na haitoshi. Kesi ya Bland inakulazimisha kuuliza kama kuna tofauti ya kimaadili kati ya kumuua mtu na kuacha kumtibu. Wengi wanaofuata sheria ya maumbile watasema ipo, na watakuonyesha kwamba daktari anayetoa dawa kali ya maumivu kwa nia ya kutuliza, ingawa anajua inaweza kufupisha maisha, hajafanya sawa na anayetoa dawa ile kwa nia ya kuua. Mwanafalsafa Peter Singer atakujibu kwamba mgonjwa amekufa vilevile, na kwamba ubora wa maisha ndio uliopaswa kupimwa. Sasa una mjadala. Je, nia inaweza kubeba mzigo wote huo? Kama inaweza, tunaijuaje nia ya mtu?

Na mama yako, aliyerudi kutoka zamu ya usiku, amewahi kukaa kando ya kitanda cha mzee anayekata roho. Anajua maumivu yanavyotulizwa, anajua familia zinavyogombana kwenye korido, anajua tofauti ya mzee anayesema "nimechoka" kwa sababu ya ugonjwa na anayesema hivyo kwa sababu hakuna aliyemtembelea. Muulize, bila majina ya wagonjwa, na umsikilize. Usiingize kisa chake kwenye insha kama ushahidi, maana mtahini anataka nadharia na hoja. Lakini ukishamsikiliza, hutaandika tena kuhusu hiari ya mgonjwa kana kwamba hiari ni kitu chepesi.

Hapo pia ndipo swali la kazi linapojibika. Wanaoomba kusomea udaktari huulizwa maswali ya maadili kwenye usaili, na zile kanuni nne walizoziandika Beauchamp na Childress mwaka 1979, yaani hiari ya mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki, zitakuwa si ngeni kwa aliyesoma somo hili. Sheria, uandishi wa habari, ualimu, kazi za serikali: zote zinamtafuta mtu anayeweza kusoma kurasa ngumu na kuandika uamuzi wenye sababu. Lakini tusidanganyane. Anayetaka udaktari, vyuo vingi humtaka kwanza awe na Kemia, na mara nyingi Baiolojia; somo hili likae nafasi ya tatu. Anayetaka uhandisi asiliweke mahali pa Hisabati. Na asilichague mtu yeyote kwa kudhani ni jepesi kwa kuwa "dini naijua." Hao ndio huanguka.

Kabla ya kusaini fomu, iulizeni shule mambo mawili: inafuata bodi ipi, na dini ipi husomwa kwa kina. Bodi huruhusu Uislamu, Uyahudi, Ubuddha au Uhindu, lakini shule nyingi hufundisha Ukristo tu, kwa sababu ndio walimu wao waliousomea. Mtoto wa Kiislamu anaweza kuusoma Ukristo na kufaulu vizuri sana, na kwa maoni yangu ataujua Uislamu wake vizuri zaidi kwa kufanya hivyo. Ila alijue hilo mapema, lisimkute Septemba darasani.

Masomo yakianza, weka ukurasa mmoja kwa kila hoja, si zaidi. Andika dai, sababu zake, pingamizi lenye nguvu kuliko yote, jibu la pingamizi, na uamuzi wako na sababu yake. Ukurasa ukijaa majina na nukuu lakini sehemu ya uamuzi iko tupu, bado hujaanza kusoma. Soma maandishi yenyewe pale yanapowezekana: sura ya pili na ya tatu ya Proslogion ya Anselm ni fupi mno, sura ya kwanza ya Paley inasomeka kwa kikao kimoja, na sura ya pili ya kitabu cha Mill kuhusu manufaa ni ndefu kidogo lakini iko wazi. Kant msome na mwalimu. Kama uko London, nenda chuo cha UCL ukamtazame Bentham: aliagiza mwili wake uhifadhiwe, na mifupa yake imekaa pale, imevishwa nguo zake, mbele ya wanafunzi wanaopita. Ukimwona, utaelewa kwamba aliyasema aliyoyasema kwa dhati, hata kuhusu maiti yake mwenyewe.

Kuanzia Oktoba andika insha moja kila wiki kwa kalamu, kwa dakika 40, kitabu kimefungwa. Usiiachie kompyuta ikuandikie. Itakupa aya safi zisizo na mgongano wowote, na kwenye chumba cha mtihani utakuwa peke yako. Halafu, siku moja katika wiki, ieleze hoja uliyoisoma kwa Kiswahili, mezani, kwa mtu ambaye hajaisoma: baba, shangazi, hata mdogo wako. Mwanafunzi anaweza kujificha nyuma ya maneno ya darasani kwa muda mrefu bila kuyaelewa, na mwalimu asigundue. Kwa shangazi hakuna pa kujificha. Atakukatiza, atauliza "kwa nini?", atakuletea mfano wa Tanga au Lamu unaoivunja hoja yako, na mara nyingi pingamizi lake litakuwa bora kuliko lile la kitabuni. Liandike.

Siku ya mtihani, kama bodi yako ni OCR, soma maswali yote manne kabla ya kuchagua, na uchague lile unaloweza kubishania, hata kama lingine unalikumbuka zaidi. Tumia dakika tano za mwanzo wa kila insha kuandika pembeni uamuzi wako na hatua za kukufikisha hapo, ili mtahini auone uelekeo wako tangu aya ya kwanza. Dakika 40 zikiisha, hama, hata kama sentensi ya mwisho haijatulia. Wengi huipamba insha ya kwanza kwa dakika 55, na ya tatu ikabaki nusu ukurasa. Kama imekutokea na zimesalia dakika kumi, acha maelezo ya maisha ya mwanafalsafa na historia yake. Andika hoja kwa sentensi mbili, pingamizi lenye nguvu kwa sentensi tatu, kisha useme umeamua nini na kwa nini, maana alama nyingi bado ziko hapo.